Krismasi ya nyanya na wajukuu: Tengenezeni nyumbani, lakini chungeni afya

KRISMASI inapokaribia, maduka ya jijini Nairobi hupambwa kwa nyota za kumetameta, baluni na taa za rangi, na kila mtoto anayepita hapo na mzazi wake hunyoosha kidole. Katika mitaa kama Kibera na Kawangware, ambako familia nyingi hutafuta riziki siku kwa siku, kidole hicho humtia mzazi wasiwasi. Kodi ya nyumba inangoja, karo ya Januari inangoja, na wanaokwenda mashambani hawana budi kuweka nauli kando.

Wasiwasi huo humlemea zaidi nyanya anayelea wajukuu peke yake. Awe anaitwa cucu, dani, kukhu au haboba, si vigumu kumpata katika ploti za Kongo kule Kawangware, au katika vijiji vya Makina, Lindi na Laini Saba huko Kibera. Wapo waliobaki na wajukuu baada ya Ukimwi kuwachukua wazazi, maradhi ambayo serikali ya Kenya iliyatangaza kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Wapo pia wanaolea kwa sababu binti au mwana amekwenda kutafuta kazi mbali. Wengi wao hawana mapato ya kutegemewa. Mpango wa serikali wa Inua Jamii, kwa mfano, ulipopanuliwa mwaka 2018 kuwafikia wazee wa miaka 70 na zaidi, uliwawekea Sh2,000 kwa mwezi. Pesa hizo zikishagawanywa kati ya unga, makaa na dawa, hakibaki cha kununulia mwanasesere.

Habari njema ni kwamba mapambo na zawadi zinaweza kutengenezwa nyumbani kwa vitu ambavyo vingetupwa. Tena kitu kilichotengenezwa na nyanya na mjukuu kinaweza kuwafaa wote wawili kiafya kuliko cha dukani. Hata hivyo, vitu vya kuokota vina hatari zake. Nyanya akijua cha kuchukua na cha kuacha, sherehe itapita bila mtoto kukabwa, kuungua au kula sumu.

Faida kwa mtoto

Mtoto anapokata karatasi, kukunja, kupaka gundi na kutunga shanga, misuli midogo ya vidole vyake hupata nguvu na macho yake hujifunza kufuatana na mkono. Hivyo ndivyo vidole vitakavyoshika kalamu na kufunga vifungo vya sare ya shule. Wakati huohuo anahesabu, anataja rangi na kusikia maneno mapya kutoka kwa mtu mzima anayemjibu.

Kujibiwa huko ndiko wataalamu wanakokutilia mkazo. Mwongozo wa malezi ya watoto wachanga na wadogo uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia unataja malezi yanayojibu mahitaji ya mtoto kuwa nguzo ya makuzi, sawa na lishe, afya, usalama na kujifunza mapema. Chombo safi cha nyumbani kisicho na hatari, pamoja na mtu mzima wa kucheza naye, vinamtosha mtoto kuanza.

Kwa mtoto aliyefiwa na mzazi, kazi ya mikono ina faida nyingine. Sikukuu ndiyo siku pengo huonekana, na mtoto huenda asipate maneno ya kulieleza. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo hufunguka taratibu. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, akina mama waliokuwa na virusi vya Ukimwi walianza, kupitia shirika la NACWOLA, kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: asili ya ukoo, mtoto alivyozaliwa, alichopenda alipokuwa mdogo. Nyanya anaweza kuiga mfano huo kwa daftari moja tu, kama tutakavyoona.

Faida kwa nyanya

Mzee naye hunufaika. Vidole vinavyokaza asubuhi hulegea vinapotumiwa polepole, na kukumbuka jinsi kitu kilivyosukwa zamani ni zoezi la akili. Zaidi ya hayo, kazi hii humwondolea upweke. Ripoti ya WHO ya mwaka 2025 kuhusu uhusiano wa kijamii ilikadiria kuwa upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Mtu anaweza kuishi katika ploti yenye milango 20 na bado akawa mpweke.

Kwamba wazee na watoto wanafaana si jambo la kubahatisha. Shirika la Nyumbani, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1992 kuwatunza watoto wenye virusi vya Ukimwi, lilianza mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 kuwafuata watoto katika mitaa yao, ikiwemo Kibera na Kawangware, kupitia mpango wa Lea Toto. Baadaye, kuanzia mwaka 2006, kijiji chake huko Kitui kiliwaweka mayatima na wazee katika nyumba moja, mzee akiwa mlezi na watoto wakiwa wajukuu zake, hata wale wasiohusiana kwa damu.

Ufundi tunao tayari

Hatuhitaji kujifunza ufundi huu kutoka mbali. Nyanya wa Kinubi wa Kibera wamekuwa wakisuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi nyingi, na kuwafundisha mabinti zao. Wengine walilelewa wakiona kiondo kikisukwa kwa katani. Wavulana nao wamejiundia magari ya waya na mipira ya juala tangu zamani, ingawa mifuko ya juala ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017 na sasa mpira hufungwa kwa matambara.

Huko Kiunga, kaunti ya Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990 watoto walikuwa wakichonga vichezeo kwa malapa yaliyotupwa ufuoni na mawimbi. Kazi yao ndiyo iliyozaa biashara inayojulikana leo kama Ocean Sole, ambayo hutengeneza sanamu za wanyama kwa malapa makuukuu na kuziuza hata ng'ambo.

Cha kuchukua na cha kuacha

Chukua vitu vinavyotoka jikoni kwako, dukani unakonunua, au kwa fundi wa nguo aliye jirani. Magazeti ya zamani, pakiti za maziwa, maboksi, kalenda za mwaka uliopita, soksi zilizobaki moja, vipande vya vitenge na lesso, na visoda vya chupa, vyote vinafaa. Vyombo vya plastiki na pakiti vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha vikaushwe juani. Nguo zifuliwe na kupigwa pasi.

Usimtume mtoto kuokota jalalani au mtaroni. Huko kuna kinyesi, vigae vya chupa na hata sindano zilizotumika. Acha pia mikebe ya rangi, ya dawa ya wadudu na ya mafuta ya gari, hata kama inaonekana safi. Waya ununuliwe dukani kwa kipimo kidogo. Usitumie ule unaopatikana kwa kuchoma nyaya za umeme, kwa maana moshi wa plastiki hiyo ni sumu na masizi yake hubaki mikononi.

Jihadhari na rangi. Mabaki ya rangi ya mafuta ya gari, lango au mbao, hasa ya mkebe wa zamani, huenda yakawa na madini ya risasi. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, humfanya awe mzito wa kujifunza, na madhara yake hayarudi nyuma. Wakenya waliona ukubwa wa jambo hili Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua mtaa kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kwa kazi ya nyumbani tumia kalamu za rangi za shule, au rangi ya vyakula: manjano ya binzari, nyekundu ya bitiruti na kahawia ya majani ya chai.

Gundi isiyo na sumu

Gundi ya viatu haifai kabisa. Mvuke wake ndio uleule unaowaharibu watoto wa mitaani wanaoinusa, na katika chumba kimoja chenye dirisha dogo kila mtu atauvuta. Pika gundi ya unga.

Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano katika nusu kikombe cha maji baridi hadi madonge yaishe. Mimina mchanganyiko huo katika vikombe 2 vya maji yanayochemka na uendelee kukoroga kwa dakika 2 au 3 mpaka uwe mzito kama uji. Tia chumvi kidogo, epua, uache upoe kabisa kabla ya watoto kuugusa. Anayepika awe mtu mzima, na kama jiko ni la makaa, lipikie nje, kwa sababu makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Gundi ikianza kunuka itupwe. Vitu vilivyogundishwa vianikwe hadi vikauke vizuri na vitundikwe juu, maana panya na mende huvutwa na unga.

Mapambo matatu rahisi

Nyota za fedha. Pasua pakiti ya maziwa yenye utando wa kung'aa ndani, uioshe na kuikausha. Chora nyota upande wa pili, kata, toboa tundu na upitishe uzi. Mtoto wa miaka 5 na zaidi anaweza kukata kwa makasi yenye ncha butu. Mdogo zaidi achore na achague mahali pa kutundika.

Mnyororo wa gazeti. Kata vipande vya upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 20, uvipake rangi na kuvikausha. Gundisha cha kwanza kiwe pete, pitisha cha pili ndani yake, na kuendelea. Mtoto wa miaka 3 anaiweza kazi hii akiwa na mtu karibu.

Bendera za vitenge. Kata pembetatu kutoka kwa vipande vya fundi wa nguo na uzishone kwenye kamba moja. Zikifuliwa zitatumika tena mwakani.

Wanaoweka mti, tawi dogo la saiprasi linatosha. Lisimamishe katika debe lenye mawe na mchanga ili mtoto asiliangushe, na liwe mbali na jiko, kwa kuwa linapokauka hushika moto upesi.

Zawadi kwa kila umri

Chini ya miaka 3: Mpira wa matambara ulioshonwa imara na usiopungua ukubwa wa chungwa, au mwanasesere wa soksi. Mjaze kwa matambara safi; usitumie maharagwe wala punje za plastiki. Macho na mdomo vishonwe kwa uzi. Usitie vifungo. Pakiti za maziwa zilizojazwa magazeti na kufungwa kwa kitambaa kilichoshonwa huwa matofali mazuri ya kujengea.

Miaka 3 hadi 5: Gundisha picha ya kalenda kwenye boksi gumu na uikate vipande 6 vya kupanga upya.

Miaka 6 hadi 9: Shanga za karatasi. Kata pembetatu ndefu yenye kitako cha sentimita 2 na urefu wa sentimita 25, uipake gundi na kuiviringisha kwenye kijiti kuanzia upande mpana, kisha chomoa kijiti. Au chora ubao wa drafti wa miraba 64 kwenye boksi na utafute visoda 24: kumi na viwili vitazame juu, kumi na viwili vitazame chini.

Miaka 10 na zaidi: Gari la waya lenye magurudumu ya malapa. Kila ncha ya waya ikunjwe ndani ili isitoboe jicho. Wa umri huu pia wanafaa kuandika lile daftari la kumbukumbu. Nyanya asimulie, mjukuu aandike na kuchora: tulitoka wapi, mama alikuwa mtundu namna gani, jina langu nilirithi kwa nani. Yakiletwa machozi, yaachwe yatoke, na kazi iendelee siku nyingine.

Wajukuu nao wana zawadi ya kumpa nyanya. Wazee wengi humeza dawa za shinikizo la damu au za kisukari, na kusahau dozi ni jambo la kawaida, hasa wakati wa sherehe. Mjukuu anayejua kusoma achore kalenda ya Januari yenye mraba kwa kila dozi, mwezi kwa dawa ya usiku na jua kwa ya asubuhi. Kila nyanya akimeza, mtoto atie alama. Akiona miraba mitupu, amkumbushe. Dawa zenyewe ziwekwe juu, mbali na watoto.

Hatari nne za kukumbuka

Kukabwa. Chukua lile bomba la karatasi linalobaki karatasi ya choo inapoisha. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Visoda, shanga, vifungo na njugu vyote vitapita. Baluni nayo ni hatari kubwa: ikipasuka, kipande chake huziba koo na ni vigumu kukitoa. Mtoto wa chini ya miaka 8 asiachwe apulize baluni peke yake, na vipande viokotwe mara moja. Kamba yoyote kwenye kichezeo cha mtoto mdogo isizidi shubiri moja, isije ikamzunguka shingo.

Betri ndogo za duara. Zimo katika kadi zinazoimba na vichezeo vya bei nafuu. Ikimezwa na kukwama, inaweza kuchoma koo la chakula ndani ya saa 2. Usingoje dalili wala usimtapishe mtoto. Mkimbize hospitali.

Moto. Nyumba za mabati na mbao hushikana, na karatasi hulipuka haraka. Usitundike mapambo karibu na mshumaa, koroboi au jiko. Usiunganishe taa za mti kwenye umeme wa sambaza, ambao nyaya zake hazina kinga ya kutosha. Zima kila kitu kabla ya kulala, na njia ya mlangoni ibaki wazi.

Majeraha. Makasi, sindano na waya zihesabiwe kabla na baada ya kazi. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni. Kikiwa kirefu au kimetokana na chuma chafu, mtoto apelekwe kliniki kukaguliwa kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Huduma ya kwanza

Mtoto anayekohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, muinamishe na umpige mara 5 kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega. Kisichotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu na uvute ndani na juu mara 5. Rudia kwa zamu. Mtoto wa chini ya mwaka 1 usimbonyeze tumbo. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5. Kisha mgeuze na umbonyeze katikati ya kifua mara 5. Usiingize kidole kooni kutafuta kitu usichokiona. Akizimia, anza kumfufua kwa kubonyeza kifua kama unajua namna, huku mwingine akiita msaada.

Aliyeungua mwagie maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, yai wala mafuta ya kupikia. Funika kidonda kwa kitambaa safi na uende hospitali.

Hospitali za Mbagathi na Kenyatta haziko mbali na Kibera, na wa Kawangware pia huzifikia. Nambari za dharura ni 999 na 112, na ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199. Ziandikwe kwenye ileile kalenda ya dawa.

Namna ya kuanza

Usingoje mkesha wa Krismasi. Anza kukusanya pakiti na magazeti wiki 3 kabla, na mfanye kazi nusu saa kila siku wakati wa mwanga, ili macho ya nyanya yasichoke na mtoto asichoshwe. Kila mmoja apewe sehemu anayoiweza, na nyota iliyokatwa upogo isirekebishwe. Na kabla ya zawadi yoyote kufungwa, nyanya aivute mishono, aipapase kutafuta ncha, na aipitishe katika lile bomba la karatasi. Ukaguzi huo haumalizi dakika 1.